Kuongeza chipu mpya kwenye draiva ya kerneli bila kupindua baiti: mwongozo kamili

Juzi tena mtu wa nne kanitumia picha ya skrini, sensa yake inasema joto ni karibu nyuzi 140 chini ya sifuri, na yeye yuko Ntinda, hapa Kampala, saa nane mchana jasho linamtoka. Anauliza kama aliuziwa sensa feki. Sensa ni nzima kabisa, kodi yake (hii ya kompyuta, sio ile ya URA, watu wa ushuru wa Uganda) ndo imesoma baiti kinyume.

Nimeona niandike yote sehemu moja: jinsi ya kuongeza chipu mpya kwenye draiva (kodi inayoongea na kifaa) ya kerneli, yaani kiini cha Linux, bila kusoma baiti kinyume. Kwenye kikundi chetu hapa Kampala tuna watu wa Arua, wa Busia, wawili wametoka Congo, Kiswahili ndo kinatuweka pamoja, na wote wanaanguka shimo lile lile.

Shida yenyewe unaijua toka shule ya msingi. Rejista ya mwalimu imeandika Okello Moses, wewe umeenda kumuulizia Moses Okello, karani anakwambia hayupo. Mtu ni yule yule na majina ni yale yale, tofauti ni nani katangulia. Namba ikizidi baiti moja (biti 8) inakuwa hivyo: kuna chipu inatanguliza baiti kubwa (inayobeba sehemu kubwa ya namba), kuna inayotanguliza ndogo. Hapa nitaziita kubwa-mbele na ndogo-mbele. Kwenye kodi ya kerneli kubwa-mbele inaandikwa `be` na ndogo-mbele `le`.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Bodi yenye pini za I2C (waya mbili za kuongea na chipu). Raspberry Pi yoyote inatosha.
- Sensa. Mimi natumia BMP280 na BMP388, za presha ya hewa na joto. Zipe volti 3.3, usijaribu 5 moja kwa moja kama hujui bodi yake ina regyuleta au haina.
- Datashiti ya chipu (maelezo ya mtengenezaji), PDF nzima. Ile kurasa moja ya muuzaji haitakusaidia.
- Pakeji mbili: `i2c-tools` (amri za kusoma chipu) na `sparse` (mkaguzi wa kodi, tutamtumia hatua ya 5).
- Sosi ya kerneli. Tumia `git clone --depth=1`, la sivyo historia yote ya miaka itashuka na MB zako zitaisha kabla ya chai.
- Daftari na kalamu. Sitanii, utaona hatua ya 1.
- Pawabenki au UPS ndogo, maana umeme ukikatika katikati ya kukompaili (kugeuza sosi iwe programu) kadi ya SD inaweza kufa nao.

Lojiki analaiza (kifaa cha kuona biti zikipita kwenye waya) ya bei ndogo ni nzuri ukiwa nayo, lakini usisubiri uipate ndo uanze.

Tunachofanya: tuna draiva inayojua BMP280, tunataka iijue na BMP388. Kwenye kerneli ya leo kazi hiyo ishafanyika, draiva inaitwa `bmp280` na chipu yetu ya pili humo wanaiita BMP380. Nimeichagua makusudi, ukikwama unafungua `drivers/iio/pressure/bmp280-core.c` unaangalia wakubwa walifanyaje. Ukishaelewa hapa, chipu yako mwenyewe itafuata njia hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Chora jedwali la rejista kwa mkono

Rejista hapa sio ya mwalimu tena, ni kijichumba ndani ya chipu kinachoshika baiti. Kila namba inayozidi baiti moja, andika vitu vitano: inaanzia rejista gani, ina baiti ngapi, ipi inatangulia, ina alama ya hasi au haina, na inasukumwa biti ngapi.

Kwa nini kwa mkono? Kwa sababu ukisoma datashiti kwa macho tu unaona MSB (baiti kubwa) kwenye ukurasa mmoja, kichwa kinajaza kwamba chipu nzima iko hivyo. Na hapo ndo watu wengi wanakufa. Angalia hii familia moja ya mtengenezaji mmoja, Bosch (0x mbele ya namba maana yake imeandikwa kwa heksadesimali):

- BMP180: vipimo kubwa-mbele, namba za kalibresheni (za kurekebisha kipimo, zimo ndani ya chipu) pia kubwa-mbele.
- BMP280: vipimo kubwa-mbele (presha inaanzia 0xF7), lakini kalibresheni ndogo-mbele (inaanzia 0x88).
- BMP388: vipimo ndogo-mbele (presha inaanzia 0x04), kalibresheni ndogo-mbele.

Chipu tatu, mipangilio mitatu, na ile ya katikati imechanganya ndani ya tumbo lake mwenyewe! Kwa hiyo mtu akikwambia "Bosch ni kubwa-mbele" au "I2C ni kubwa-mbele", mwitikie kwa heshima alafu fungua datashiti. Mpangilio ni wa rejista moja moja, hauendi kwa kampuni wala kwa aina ya waya, na prosesa yako ndo kabisa haihusiki.

Usisahau kusukuma biti. Presha ya BMP280 ni biti 20 ndani ya baiti 3, zile 4 za mwisho ni tupu, lazima usukume kulia mara 4. BMP388 inajaza zote 24, haisukumwi. Mtu akikopi mstari wa BMP280 akabadilisha `be` kuwa `le` peke yake, bado atapata jibu dogo mara 16.

Umefaulu ukiona: jedwali lako halina mstari wenye alama ya kuuliza. Kukibaki hata mmoja, hatua ya 2 itakujibu.

## Hatua ya 2: Muulize chipu mwenyewe kabla ya kugusa kerneli

Datashiti nazo zinakosea, na zaidi ya hapo wewe ndo unazisoma vibaya. Chukua ushahidi kwenye waya.

Kama draiva imeshaikamata chipu (`i2cdetect` inaonyesha UU), iachilie kwanza (1 ni namba ya basi la I2C, 0076 ni anwani ya chipu):

```
echo 1-0076 > /sys/bus/i2c/drivers/bmp280/unbind
```

Usitumie `-f` kulazimisha. Wewe na draiva mkisoma kwa pamoja mnaharibiana hesabu, alafu utalaumu mpangilio wa baiti bure.

Sasa hakikisha ni yenyewe:

```
i2cget -y 1 0x76 0xd0
```

BMP280 inajibu 0x58. Ikijibu 0x60 umeuziwa BME280, ile yenye unyevunyevu, hujaibiwa, umeongezewa. BMP388 kitambulisho chake kiko rejista 0x00, na jibu ni 0x50.

BMP280 ikiwashwa inakuwa imelala, ukiisoma hivyo utapata `0x80 0x00 0x00` milele. Iamshe:

```
i2cset -y 1 0x76 0xf4 0x57
i2ctransfer -y 1 w1@0x76 0xf7 r6
```

Jibu litakuwa na sura hii:

```
0x65 0x5a 0xc0 0x7e 0xed 0x00
```

Tatu za kwanza presha, tatu za mwisho joto. Uzuri wa `i2ctransfer` ni kwamba inakuonyesha baiti kama zilivyopita kwenye waya, haijapanga chochote. `i2cget` ukiipa `w` mwishoni inapanga, na kwa namna ambayo si lazima uitake, tutafika hapo.

Sasa mbinu yangu ninayoipenda. Rudia amri hiyo mara kumi. Baiti ya presha inayotulia ndo kubwa, inayocheza cheza ndo ndogo. Puliza sensa au ishike kwa vidole, ya joto nayo itaanza kusogea. Hapo huhitaji kumwamini mtu yeyote wala karatasi yoyote.

Tahadhari moja: baiti iliyolala kwenye 0x00 muda wote sio ushahidi, huenda azimio la kipimo ni dogo ndo maana haijazwi. Ndo sababu nimekupa 0x57, inapima presha kwa uangalifu zaidi, kuliko 0x27 ambayo iko kwenye mifano mingi.

Umefaulu ukiona: kwa kila namba kwenye jedwali unaweza kuonyesha kwa kidole baiti ipi ni kubwa, na chipu imekubaliana na datashiti.

## Hatua ya 3: Jua nani kashageuza kabla yako

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu makosa mengi ninayotumiwa hayatokani na mtu kusahau kugeuza. Yanatokana na kugeuza mara mbili. Fankisheni ya kerneli imegeuza, na wewe unageuza tena juu yake, mnarudi mlikotoka.

Fankisheni za SMBus (kanuni za mawasiliano zilizojengwa juu ya I2C). `i2c_smbus_read_word_data()` inachukulia kwamba baiti ya kwanza kwenye waya ni ndogo. Inakukabidhi namba kamili, si baiti. Kama chipu yako ni kubwa-mbele namba itakuja imepinduka, dawa yake ni `i2c_smbus_read_word_swapped()`.

Mfano mtamu ni INA226, ile chipu ya kupima volti na ampea ambayo watu wa sola wanaipenda kwa betri. Rejista yake 0xFE inashika herufi za mtengenezaji, T na I, yaani 0x54 na 0x49. Isome hivi:

```
i2cget -y 1 0x40 0xfe w
```

Utaona 0x4954. Imekuwa "IT". Chipu ilituma T kwanza, SMBus ikaichukulia T kuwa ndio ndogo. Hii ifanye leo kama una INA226 mezani, dakika moja tu, itakufundisha kuliko maneno yangu yote.

Sasa kosa baya kuliko yote:

```c
/* USIFANYE HIVI */
val = be16_to_cpu(i2c_smbus_read_word_data(client, reg));
```

Kwenye laptopu yako na kwenye Raspberry Pi hii inafanya kazi safi, ndo maana ni hatari. Prosesa hizo ni ndogo-mbele, kwa hiyo `be16_to_cpu` inapindua, na kupindua ndo ulichokuwa unahitaji. Ukiipeleka kwenye mashine ya kubwa-mbele, `be16_to_cpu` haifanyi kitu chochote, na namba inabaki kichwa chini. Namba iliyotoka kwa SMBus haina tena mpangilio wa waya, ni namba ya prosesa, kwa hiyo kinachohitajika ni kupindua kila mahali bila kuangalia mashine. Ndo kazi ya ile `swapped`.

Tena kuna la ziada. Hiyo fankisheni ikishindwa inarudisha namba hasi ya kosa. Ukigeuza kabla ya kuangalia, kosa linageuka kuwa kipimo, na draiva yako inaripoti volti za ajabu wakati waya umechomoka. `swapped` inaangalia kosa kwanza, ya kwako uliyojitengenezea haiangalii.

Regmap (maktaba ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista). Hii inachanganya watu kwa sababu inategemea umeiwekea nini. Kama `val_bits` ni 8, `regmap_bulk_read()` inakupa baiti kama zilivyo, kupanga ni juu yako. Kama `val_bits` ni 16, regmap inapanga yenyewe kwa kufuata `val_format_endian` na inakupa namba tayari, usiguse. Lakini `regmap_raw_read()` haipangi hata hapo, jina lake lenyewe linasema ni mbichi.

Ukiwa kwenye I2C ya kawaida na hujaandika `val_format_endian`, regmap inachukua kubwa-mbele. Chipu yako ikiwa ndogo-mbele andika wazi `REGMAP_ENDIAN_LITTLE`. Mimi naandika hata pale ambapo ingekuwa sawa bila kuandika, anayesoma baada yangu asianze kupiga ramli.

Rejista za kwenye memori. Hizi ni kwa wale wanaofanya chipu zilizo ndani ya SoC (prosesa na vifaa vyake kwenye chipu moja). `readl()` na `writel()` zinachukulia kifaa ni ndogo-mbele na zinageuza zenyewe, kwa hiyo `le32_to_cpu(readl(...))` ni kugeuza mara mbili. Kifaa kikiwa kubwa-mbele tumia `ioread32be()`. Basi.

Umefaulu ukiona: kwa kila mstari unaosoma chipu, unaweza kujibu "hiki nilichopewa ni baiti au ni namba?" Kama ni namba, kugeuza kumeisha.

## Hatua ya 4: Andika kodi, geuza mara moja tu, mlangoni

Baiti zinaingia kwenye draiva kupitia mlango mmoja, pale pale zinageuzwa, na ndani ya nyumba zinatembea namba za kawaida tu. Ukikuta `le16_to_cpu` katikati ya hesabu za kalibresheni ujue mwenye nyumba kaacha mlango wazi.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni hili:

```c
/* USIFANYE HIVI */
raw = *(u32 *)buf >> 4;
```

Unasoma baiti 4 wakati umejaza 3, unategemea mpangilio wa prosesa, na anwani inaweza isiwe imekaa vizuri. Makosa matatu kwenye mstari mmoja. Andika hivi kwa BMP280:

```c
ret = regmap_bulk_read(data->regmap, REG_PRESHA_280,
                       data->buf, 3);
if (ret)
        return ret;
raw = get_unaligned_be24(data->buf) >> 4;
```

Na chipu mpya inapata fankisheni yake mwenyewe:

```c
ret = regmap_bulk_read(data->regmap, REG_PRESHA_380,
                       data->buf, 3);
if (ret)
        return ret;
raw = get_unaligned_le24(data->buf);
```

Hizo `get_unaligned` zinatoka `linux/unaligned.h`. Kwenye kerneli za kabla ya 6.12 ni `asm/unaligned.h`, kwa hiyo kompaila ikisema faili halipo angalia toleo lako kwanza.

Ona pia `data->buf` imekaa ndani ya strakti ya draiva (kifurushi cha data zake), sio kwenye staki ya fankisheni (memori yake ya muda). Chipu hizi zinaongea na SPI pia, na huko bafa (sehemu ya kuwekea baiti) inaweza kupelekwa kwa DMA, yaani data inahamishwa bila kupitia prosesa, staki haifai.

Kuna mtu atashawishika aandike `if (chip_id == ...)` ndani ya fankisheni moja, ndogo-mbele huku, kubwa-mbele kule. Kwa chipu mbili inapendeza. Ikija ya tatu inakuwa kama stendi ya taksi Jumatatu asubuhi, hujui nani anaenda wapi. Weka strakti ya maelezo ya chipu yenye pointa za fankisheni, kila chipu ibebe ya kwake, na ile meza ya `of_device_id` (orodha ya chipu ambazo draiva inazijua) ielekeze huko. Draiva ya kweli imefanya hivyo.

Kalibresheni sasa. Zisome kwenye aina ya data inayosema ukweli:

```c
__le16 kal[3];

t1 = le16_to_cpu(kal[0]);
t2 = (s16)le16_to_cpu(kal[1]);
t3 = (s16)le16_to_cpu(kal[2]);
```

Hiyo `__le16` badala ya `u16` ndo itakuokoa hatua ya 5. Na `(s16)` sio mapambo: kwenye mfano wa datashiti ya BMP280 T3 (namba ya tatu ya kalibresheni ya joto) ni -1000, ukiisahau hiyo `(s16)` unapata 64536 na hesabu yote inaharibika. Mtu atasema ni mpangilio wa baiti, atapindua, itaharibika zaidi.

Umefaulu ukiona: ukifanya `grep` ya `_to_cpu` na `get_unaligned` kwenye faili lako, zote ziko kwenye fankisheni za kusoma, hakuna hata moja kwenye za kukokotoa.

## Hatua ya 5: Mpe sparse aangalie

```
make C=2 M=drivers/iio/pressure
```

`C=2` inaangalia mafaili yote, `C=1` inaangalia yale tu yanayokompailiwa upya. Kompaila ya kawaida haioni tofauti ya `__le16` na `u16`, kwake ni biti 16 tu. Sparse anaona.

Malalamiko utakayokutana nayo ni haya: `cast to restricted __le16` maana yake unageuza kitu ambacho tayari ni namba ya kawaida, mara nyingi ni ile kugeuza mara mbili. `restricted __be16 degrades to integer` maana yake umefanya hesabu juu ya baiti ambazo hazijageuzwa. `incorrect type in assignment` maana yake unachukua kitu cha waya unakiweka kwenye kikapu cha namba.

Ukiona watu wanashauri uongeze `__force` ili anyamaze, usiwasikilize. Ni kama kuchomoa kengele ya moto kwa sababu inapiga kelele. Kuna sehemu chache `__force` inahitajika, draiva ya sensa sio mojawapo.

Umefaulu ukiona: kimya, na kimya hicho hukukinunua kwa kasti (kulazimisha aina ya data).

## Hatua ya 6: Pima kwa namba ambazo jibu lake unalijua

Watu wanafikiri baiti zikipinduka lazima jibu liwe la kichaa. Si kweli, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Datashiti ya BMP280 ina mfano: T1 ni 27504, T2 ni 26435, T3 ni -1000, na joto ghafi ni 519888. Jibu sahihi ni nyuzi 25.08. Nimepiga hesabu ya makosa mawili.

Ukisoma *kipimo* kinyume (0x7E 0xED 0x00 kama ndogo-mbele) unapata karibu nyuzi 140 chini ya sifuri. Ndo ya yule wa Ntinda. Hii ni nzuri kwa sababu inajitangaza.

Ukisoma *kalibresheni* zote tatu kinyume, T1 inakuwa 28779, T2 inakuwa 17255, T3 inakuwa 6396, na jibu ni nyuzi 12.48. Kumi na mbili! Hiyo ni Kabale asubuhi. Mtu akiona hivyo anafunga laptopu anaenda kula rolex (chapati na mayai), sensa inafanya kazi. Na ukiipasha joto inapanda, ukiipoza inashuka, kila kitu kinaonekana kiko hai, ila ni uongo.

Kwa hiyo chukua namba za mfano wa datashiti, zipitishe kwenye fankisheni yako ya kukokotoa, na usikubali kitu kingine zaidi ya 25.08. Zile baiti sita nilizokuonyesha hatua ya 2 zimetoka kwenye mfano huo huo, presha yake ghafi ni 415148. Joto ndo lianze kuwa sahihi, presha inategemea joto.

Alafu nenda kwenye chipu ya kweli:

```
echo bmp280 0x76 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device
cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_temp_input
cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_pressure_input
```

Joto linakuja kwa elfu za nyuzi, 25080 ni 25.08. Presha inakuja kwa kilopaskali.

Presha ya hapa kwetu ni kipimo kizuri sana cha bure. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo tegemea karibu 88, yaani hektopaskali 880 hivi. Ziwa lenyewe liko mita 1,134, Entebbe na Ggaba utaona kama 88 na kitu. Kabale itashuka hadi 81 hivi.

Sasa mtu anafungua apu ya hali ya hewa kwenye simu, inamwambia 1015, anarudi kwenye draiva "kurekebisha". Acha! Apu inakupa presha iliyorekebishwa kana kwamba Kampala iko ufukweni Mombasa. Sensa inakupa hewa iliyopo mezani kwako. Draiva yako ikisema 101 ukiwa Kampala, hapo ndo ushtuke.

Umefaulu ukiona: 25.08 kwenye mfano, na kati ya 87 na 89 mezani Kampala. Panda nayo ghorofa nne tano, presha lazima ishuke kidogo kila ngazi bila kuruka ruka. Ikiruka ruka ghafla na kurudi, shuku kwamba baiti ya kati na ya mwisho zimebadilishana.

## Hatua ya 7: Ipeleke kwenye mashine ya kubwa-mbele

Wengi wanairuka hii, nami niliiruka miaka. Kila kompyuta uliyonayo ni ndogo-mbele: laptopu, simu, Raspberry Pi. Ukisahau `le16_to_cpu` kabisa, hapo hakuna kitakachoharibika. Ilinipata. Draiva yangu ilikaa vizuri kwenye Pi karibu mwaka, siku niliyoihamishia kwenye rauta ya zamani ili nipunguze umeme wa sola ikaanza kuongea lugha nyingine, nikabadilisha waya, nikabadilisha sensa, nikanunua na sensa ya pili. Rauta ilikuwa MIPS (aina ya prosesa) ya kubwa-mbele.

Hizo rauta ni njia rahisi. Zile za zamani zenye chipu ya Atheros AR71xx, ambazo OpenWrt (Linux ya rauta) inaziweka kundi la `ath79`, ni kubwa-mbele. Zenye MediaTek za kundi la `ramips` ni ndogo-mbele, hazitakusaidia kwa kazi hii.

Huna rauta? QEMU ipo, programu inayoiga kompyuta ya aina nyingine. Weka kompaila ya `mips-linux-gnu-`, kwenye `menuconfig` chagua bodi ya Malta na `CPU_BIG_ENDIAN`, washa na `i2c-stub`. Hii ya mwisho ni moduli inayojifanya chipu ya I2C:

```
modprobe i2c-stub chip_addr=0x76
i2cdetect -l
```

Amri ya pili inakupa namba ya basi lake. Lijaze kwa `i2cset`, baiti moja moja, kitambulisho 0x58 kwanza alafu kalibresheni na vipimo vya mfano wa datashiti, ndo upakie draiva yako. Usijaze kwa `w`, maana utajikuta umeleta tena ule mchezo wa "IT".

Ukiona mashine yako haieleweki iko upande gani, `lscpu` ina mstari wa Byte Order.

Umefaulu ukiona: 25080 kwenye QEMU ya MIPS na 25080 kwenye laptopu, kwa baiti zile zile.

## Hatua ya 8: Kabla hujatuma patchi

Patchi ni mabadiliko yako ya kodi unayowatumia watunzaji wa kerneli. Haraka haraka. Kama draiva yako ya IIO (sehemu ya kerneli inayoshughulikia sensa) inatumia bafa, kila chaneli ina `scan_type` yenye `.endianness`. Ukisukuma baiti mbichi andika `IIO_BE` au `IIO_LE`, ukisukuma namba iliyokwisha geuzwa andika `IIO_CPU`. Watu wanageuza kwenye kusoma kwa kawaida na kusahau huku, kisha programu ya mtumiaji inasoma kinyume na lawama zinarudi kwako.

Pitisha `scripts/checkpatch.pl`, alafu `scripts/get_maintainer.pl` ikwambie umtumie nani. Kuongeza chipu iwe patchi moja, na kama umekuta kosa la mpangilio kwenye chipu ya zamani litumie kama patchi ya peke yake, itangulie, ili iweze kurudishwa kwenye kerneli za nyuma bila kubeba chipu yako mpya.

Kwenye maelezo ya patchi sema wazi: chipu gani, rejista gani ni ndogo-mbele, umepima kwenye mashine zipi. Ukiandika kwamba umepima na MIPS ya kubwa-mbele, maswali mawili matatu ya wakaguzi yanakufa kabla hayajaulizwa.